Njano ya Saa Tatu

Mama alinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia kuna mtu ametokea kwenye picha.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Njoo na vifaa vyako."

"Mama, ametokea wapi?"

"Kushoto, kwenye mawe. Mwezi uliopita hakuwepo. Na usinicheleweshe, Kitinda, watu wa makumbusho wanaichukua Ijumaa."

Nikaanza kumweleza kwamba picha ni kitambaa na rangi, watu hawatokei humo kama wageni wa Jumapili. Nilipomaliza nikagundua naongea peke yangu. Mama yangu hajawahi kuaga kwenye simu. Akishamaliza lake, amemaliza.

Mimi ni fundi wa kusafisha picha. Wewe ukiwa na picha ya zamani, imeingia moshi, nzi wameigeuza choo, vanishi imekuwa kahawia mpaka mchana unaonekana jioni, unaniletea mimi. Nachukua kijiti chenye pamba, nachovya kwenye dawa, nasugua mahali padogo kama ukucha, halafu mahali pengine kama ukucha, na miezi inakatika. Watu husema kazi ile inataka subira. Wanaonijua hucheka hapo, maana mimi hasira zangu ziko karibu kama maziwa jikoni, ukigeuka tu yamemwagika. Lakini hasira zangu ni za watu. Picha haijawahi kunijibu jeuri.

Ufundi huo nimeurithi kwa Mama, ingawa yeye hakuwa wa kusafisha, alikuwa wa kuchora. Alichora ule mtindo wanaouita impreshonizimu, ambapo hukai chumbani kupanga mambo. Unabeba turubai lako, kile kitambaa cha kuchorea, mpaka nje, unasimama mbele ya kitu, unawahi mwanga kabla haujaondoka. Madoa ya haraka haraka, moja juu ya jingine, ukisogea karibu ni vurugu, ukirudi nyuma ni bahari. Mama alikuwa na turubai moja kwa kila saa. Saa ikiisha anaweka chini, hata kama hajamaliza, kwa sababu mwanga wa saa nyingine ni picha nyingine. Nyuma ya kila turubai aliandika kwa brashi kitu na saa zake, na huwezi kumkuta amekosea hata dakika tano.

"Usiseme jiwe," alikuwa akitufundisha. "Sema kijivu. Usiseme maji, sema kijani, halafu buluu, halafu kijani tena. Ukishajua kitu kinaitwaje, basi, macho yameshaacha kazi." Majirani waliona ana kichaa kidogo. Sisi watoto tuliona ana kichaa kingi, ila ni chetu.

Picha aliyonipigia simu kwa ajili yake ilikuwa ukumbini kwake, mkabala na kiti chake, miaka yote. Nyuma imeandikwa: Bahari, saa tatu hadi saa nne. Kushoto kuna mawe ya kijivu na zambarau, kisha maji, na huko nyuma majabali yamesimama kwenye ukungu kama watu wasiotaka kukaribia. Ni picha nzuri kuliko zote alizochora, na ni ya baridi. Aliichora asubuhi aliyokufa kaka yangu.

Tulimwita Bwana Mkubwa. Alikuwa na miaka sita na alikuwa na amri kuliko mkuu wa kituo. Asubuhi alisimama mlangoni kukagua viatu vya Baba, na Baba, mtu mzima na ndevu zake, alirudi ndani kuvipaka dawa. Mimi nilikuwa na miaka mitatu na simkumbuki uso. Namkumbuka kwa hadithi, na kwa fulana ya njano iliyoko kwenye hadithi ya mwisho.

Hadithi yenyewe ni hii. Mimi nilikuwa na surua, nikabaki nyumbani na Baba. Mama akaenda ufukweni na wale wawili, Bwana Mkubwa na fulana yake ya njano, na Dada, ambaye alikuwa na miaka kumi na mmoja na kazi ya kumwangalia mdogo wake. Mama akachora saa yake moja. Saa nne akafunga rangi, akaita watoto, akaitikiwa na mtoto mmoja. Bahari haikurudisha chochote, hata kiatu. Hatukuwa na cha kuzika.

Dada alisema alimpeleka mtoto kwa Mama mwanzoni mwa ile saa, kwa sababu alikuwa analia anamtaka. "Nilimwambia, Mama, huyu hapa. Akasema ehee." Kisha akarudi kivulini na kitabu chake. Mama akasema hakuletewa mtu. Mtoto alikuwa na dada yake saa nzima, na dada yake alikuwa anasoma.

Sasa kati ya neno la mama aliyefiwa na la msichana wa miaka kumi na mmoja, watu wataamini lipi? Baba aliamini la mkewe. Dada akapelekwa kwa Shangazi "kwa muda", na muda wenyewe ndio huu, miaka thelathini na tisa. Baba alipofariki Dada alikuja akasimama nje ya lango mpaka jeneza likatoka, akalifuata kwa mbali, akapanda basi akarudi. Leo ni muuguzi wa wodi ya watoto, na wanasema hakuna muuguzi anayehesabu watoto kama yeye. Hakuzaa. Nilimuuliza siku moja kwa nini, kwa ule mdomo wangu usio na breki, akanijibu, "Nani angenikabidhi mtoto mimi?" Na Mama hamtaji jina. Husema yule.

Na mimi je? Mimi nilipeleka salamu huku na kule kama tarishi. Nilimpenda Dada na niliishi karibu na Mama, nikajiambia yale ni mambo ya wakubwa, hata nilipokuwa mkubwa mwenyewe. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi Jumatatu ile nikafika. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, macho yametulia mahali. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hataki kupasuliwa. Anasema ameshaona vya kutosha. Huona umbo, na huona rangi za joto. Buluu zimemwacha zamani, anasema kwake ni kama moshi tu.

Nikaivua picha ukutani, nikaipeleka dirishani. Kweli. Kushoto, juu ya mawe, palikuwa na doa la njano kama punje ya mchele, limefifia, kama kitu unachokiona chini ya maji.

"Unaliona?" akauliza.

"Naliona. Ni jambo la kawaida, Mama, usiogope. Rangi ya mafuta ikizeeka inakuwa nyepesi, kilichofunikwa chini kinaanza kuonekana. Ulifunika kitu hapa?"

"Nilikosea mwanga. Nikafunika. Funika tena."

"Haya."

"Na yule wa pili?"

Nikageuka. "Wa pili yupi?"

Akainuka, akaja kwa kupapasa viti, akanyoosha kidole moja kwa moja mpaka mahali mawe yanapoishia na maji kuanza. Sikuwa nimepaona. Nikainama mpaka pua ikakaribia turubai, na kweli palikuwa na njano, dhaifu kuliko ya kwanza, kivuli cha njano. Mtu asiyeona kikombe mezani amenionyesha mimi, fundi, mwenye miwani ya kukuzia shingoni.

"Wa tatu bado," akasema Mama. "Lakini atakuja."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema nipeleke picha karakana, nifunike madoa yake, na niache maswali ya kitoto.

Karakana yangu ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza ndefu, na harufu ambayo mume wangu husema ndiyo iliyomfanya afikirie mara mbili kabla ya kunioa. Nikailaza picha mezani, nikawasha taa ya pembeni, ile inayomulika kwa ubavu mpaka kila mchirizi wa brashi unaonekana kama tuta la shamba. Nikalitafuta la tatu. Lilikuwepo. Halikuonekana kwa rangi bado, lakini lilikuwa na kimo chake chini ya kijani, kauvimbe kadogo, mbali ndani ya maji.

Mawe. Ukingo wa maji. Ndani ya maji. Nilikaa kwenye stuli yangu muda mrefu nikiyatazama yale madoa yanakoelekea, na chai yangu ikapoa bila kuguswa.

Halafu nikaona jambo jingine, ambalo mtu asiye wa kazi hii asingeliona. Nilijaribu pamba yangu kidogo pembeni ya doa la kwanza, na ile rangi ya kufunikia ikatoka mara moja, kirahisi, kijani kwenye pamba. Chini yake palikuwa na vanishi. Mama alipofunika yale madoa alianza kwa kuyapaka vanishi, yakakauka, ndipo akapaka bahari juu. Sasa nikuulize: mtu anayetaka kufuta kitu atakipaka vanishi ya nini? Ukitaka kufuta unakwangua kwa kisu, dakika moja. Vanishi unapaka kwenye kitu usichotaka kiharibike.

Jumatano Mama alikuja mwenyewe, kwa teksi, bila taarifa. Haniamini, na hakukosea kutoniamini.

"Umefunika?"

"Mama, keti. Yale madoa ni Bwana Mkubwa?"

Akaketi. Akatafuta ukingo wa meza kwa vidole, akaushika. "Ni yeye."

Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na sasa ugomvi wangu haukuwa na mahali pa kwenda. "Kwa hiyo alikuwa na wewe. Dada alisema kweli."

"Alikuja mwenyewe. Yule alimwacha, akaja mwenyewe, na mimi sikujua kama ni yeye. Niliona njano tu. Funika, Kitinda."

"Mama!"

"Unaniita mama wa nini kama hunisikii? Mwenye picha ni nani?"

Hapo alinipata. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba picha si yako. Unafanya anachotaka mwenye nayo, usipotii nenda ukatafute kazi nyingine. Nilimpigia kelele hata hivyo. Nilimwambia kuna mtu ameishi miaka thelathini na tisa akiitwa yule. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika hapa. Alisikiliza yote akiwa amegeuza uso upande wa dirisha, na nilipoishiwa pumzi akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kila asubuhi nakaa pale namwangalia anavyopanda juu. Sitaweza kukaa naye kwenye ukumbi wa watu, wanapita na watoto wao, wanasema picha nzuri. Nifunikie mwanangu. Ukishanizika fanya utakavyo."

Mama ni mama. Alipoondoka niliichanganya rangi. Nasema kweli, nilichanganya kijani na buluu mpaka nikaipata ile bahari yake sawasawa, na nikashika brashi. Sijui ningefanya nini kama isingekuwa tabia ya mikono yangu. Mikono ya fundi haipaki juu ya uchafu, lazima isafishe kwanza. Pale kwenye doa la kwanza nilikuwa nimeacha mabaki ya rangi ya kufunikia, kwa hiyo nikaweka brashi chini, nikachukua pamba, nikasugua ili nipate mahali safi pa kupakia.

Kikatoka kijani. Kikatoka kingine. Halafu pembeni kabisa mwa ile njano ikaanza kutokea buluu ambayo haikuwa ya bahari. Ilikuwa buluu nzito, buluu ya kitambaa, doa refu kuliko lile la njano, limesimama nalo bega kwa bega. Niliendelea kusugua. Kati ya yale madoa mawili palikuwa na mchirizi mwembamba wa kijani kibichi, na kijani kile Mama hakukichukua kwenye kibao chake cha rangi. Kilijichanganya chenyewe hapo hapo, njano ikiwa bado mbichi imeingia kwenye buluu ikiwa bado mbichi. Madoa yale yalipakwa kwa pamoja, dakika moja, na yalikuwa yameshikana.

Nikampigia simu Dada. Alikuwa kazini, nikasikia watoto wanalia nyuma yake.

"Mama amekufa?" akauliza. Ndilo swali lake kila nikipiga.

"Hajafa. Dada, siku ile ulikuwa umevaa nini?"

Nikasikia mlango unafungwa, vilio vikaisha.

"Siku gani?"

"Unaijua siku."

"Gauni la buluu," akasema. "La shule. Sikuwa na jingine safi. Kwa nini?"

"Njoo."

"Sikanyagi huko, unajua."

"Si kwake, ni kwangu, karakana. Kesho. Dada, sijawahi kukuomba kitu."

"Umeniomba vitu maisha yako yote," akasema, na ni kweli. Kisha akauliza basi la kwanza linafika saa ngapi.

Alhamisi Mama aliwahi kufika, maana nilimwambia aje kuikagua picha kabla haijachukuliwa. Nilimkalisha kwenye kiti chenye mto. Picha niliisimamisha kwenye stendi, nimeifunika shuka. Usiku kucha nilikuwa nimelala macho wazi, nikijiambia nitamweleza taratibu, nitaanza mbali. Sikuanza popote. Mlango ukafunguliwa, Dada akaingia, na mkoba wake ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Kwa miaka mingi sikuwa nimewaona katika chumba kimoja. Walifanana mpaka nikataka kulia. Ule mgongo.

"Nani huyo?" akauliza Mama, akielekeza uso mlangoni. "Nani? Sema."

"Ni mimi," akasema Dada.

Mikono ya Mama ikaanza kuutafuta ukingo wa meza, na meza ilikuwa mbali.

Niliivuta shuka. Dada akaja polepole, akasimama mbele ya picha aliyoiona mara ya mwisho ikiwa bado mbichi. Nikamwonyesha kwa ncha ya kijiti, bila kusema neno. Njano. Buluu. Na kile kijani katikati.

Alinyoosha kidole lakini hakugusa.

"Alikuwa hataki kushikwa mkono," akasema. "Alisema Bwana Mkubwa hashikwi." Akacheka kidogo. "Miaka ishirini ya kwanza nilikuwa na hakika. Ukiniamsha usingizini nilikuwa na hakika. Halafu sijui. Nikaanza kusema labda sikumpeleka. Labda nilitamani tu niwe nimempeleka, mpaka nikaona. Kitinda, mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini ni mimi."

"Amefikia wapi?" Mama akaniuliza kwa sauti ndogo. "Wa kwanza. Pembeni yake pana nini?"

Hapo nikaelewa. Buluu ilikuwa imemtoka machoni. Miaka yote anakaa mbele ya ile picha anaogopa njano, na hakujua kama ile buluu ya pembeni yake bado imefunikwa au nayo imeanza kuonekana.

"Pembeni yake yupo Dada," nikasema. "Wameshikana mikono. Ulimpaka vanishi na yeye."

Nilidhani atanyamaza mpaka afe, maana anaweza. Lakini alisema.

"Ulimleta."

Dada hakugeuka.

"Saa tatu na dakika kumi na mbili," akasema Mama. "Nilikuwa natazama saa kwa sababu kivuli cha jabali kilikuwa kinaondoka. Ukasema, Mama, huyu hapa. Nikasema ehee. Nilikuwa nimeshawaona, buluu na njano, mmependeza kwenye kile kijivu, nikawaweka. Buluu ikaondoka. Njano ikasogea kwenye maji, nikaiweka. Halafu ikawa mbali, ndogo, katikati ya kijani, inapanda inashuka. Picha ilikuwa baridi mno, tangu nianze nilikuwa nasema hii picha inataka kitu cha joto, na pale ndipo mahali penyewe. Nikaiweka. Nikasema moyoni, leo bahari imenipa zawadi." "Nikafunga rangi. Nikaita. Ulipoitika peke yako ndipo nikakumbuka kwamba ile njano ina jina."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo mahali, nakumbuka, kitu cha kawaida tu, mtu anatengeneza mlango wake. Nilitaka kumshika Mama na nilitaka kumpiga, yote kwa pamoja, na sikufanya hata moja.

"Ulijua," akasema Dada. "Jioni ile ile, mbele ya Baba, ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja."

"Ningesema nini? Kwamba nilimwona anazama nikaona picha imekuwa nzuri?"

"Ndiyo," akasema Dada. "Hivyo hivyo. Ungesema hivyo."

Akaweka mkoba chini. Akaishika picha kwa pande zake mbili kama muuguzi anavyomgeuza mgonjwa, akaigeuza, ule mgongo wa turubai ukatutazama, na mwandiko wa Mama wa ujanani: Bahari, saa tatu hadi saa nne.

"Andika," akamwambia Mama. "Wewe huwa unaandika. Andika na hili."

Nilichovya brashi kwenye rangi nyeusi nikampa. Mama hakuwa anaona turubai, alikuwa anapapasa. Ilinibidi nimwekee kidole mahali pa kuanzia. Herufi zilipanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini zinasomeka, na watu wa makumbusho walipokuja Ijumaa walizisoma mara mbili wakaangaliana. Binti yangu alimleta. Saa 3:12. Akatafuta nafasi chini yake, akaandika jina la Dada, lote, la kwanza na la baba yake. Nilikuwa sijawahi kuona mkono wake ukiliandika.

Dada alisubiri amalize. Akaigeuza picha tena, bahari ikarudi mbele.

"Sijakusamehe, Mama."

"Najua. Sijakuomba."

"Basi niombe."

Mama yangu hakuwahi kumwomba mtu kitu. Alipoishiwa chumvi alikula chakula hakina chumvi. Aliweka mikono magotini. Kidevu kilimtetemeka, akakituliza, kikatetemeka tena.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Unanisikia? Nisamehe."

Dada alikuwa amesogea karibu kabisa na picha. Ile njano ya tatu nilikuwa nimeisafisha asubuhi ile, ilikuwa wazi sasa, mbali ndani ya kijani, ndogo. Alikuwa anaitazama.

"Ehee," akasema, bila kugeuka.